Neno ni Lile Lile, Mlango Haufunguki

Katika maisha ya askari neno la siri lina heshima yake. Mlinzi wa lango akiuliza usiku, ajaye hujibu. Akijibu sawasawa hupita, na akikosea husimamishwa, hata kama mchana walikula sahani moja. Kwa sababu hiyo mtu aliyekulia kambini, au aliyeolewa humo, hupata taabu kuelewa inakuwaje neno litolewe kwa ukamilifu wake na bado mlango usifunguke. Fikira zake hukimbilia mambo mawili tu: ama yeye amesahau, ama mwenziwe amemgeuka. Kumbe lipo jambo la tatu, nalo aghalabu ndilo la kweli.

Mkasa huo ulimfika mama mmoja wa Bwera, mke wa sajenti wa jeshi, mwezi wa Juni 2022. Mumewe alikuwa Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kupelekwa kulinda amani Machi 2007. Mama alibaki na watoto na duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala, si mbali na barabara iendayo mpaka wa Mpondwe. Katika duka hilo ilikuwapo kompyuta ya mezani, na ndani yake programu ya barua pepe iitwayo Thunderbird. Wengine walimcheka kwa kushikilia chombo cha kizamani badala ya simu, lakini alikuwa na sababu yake. Programu hiyo hushusha barua zote kwa mara moja, kisha mtu huzisoma kwa nafasi yake, hata mtandao ukikatika au bando likiisha. Zaidi ya hayo, barua zote za mumewe tangu safari yake ya kwanza zilikuwa humo. Programu ilikuwa imepangwa hivi, kwamba barua ikishashushwa hufutwa kule ilikotoka. Basi barua hizo zilikuwa katika kompyuta ile tu, wala si penginepo duniani.

Juma lile palikuwa na haja kubwa. Binti yao wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Aliipenda kazi hiyo tangu Juni 2019, maradhi ya Ebola yalipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakatunzwa Bwera, akaona wauguzi wakienda kazini huku majirani wakiogopa hata kupeana mikono. Halafu shule zikafungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, zisifunguliwe kikamilifu hadi 10 Januari 2022, naye akapoteza muda ambao haurudi. Chuo kilitaka fomu yenye sahihi ya baba, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Baba aliitia sahihi huko aliko, akaipiga picha, akaituma kwa barua pepe.

Jumatatu programu ikakataa. Kisanduku kidogo kilitokea katikati ya kioo kikidai neno la siri. Mama akaliandika, kikatoweka, kikarudi. Akaliandika tena polepole, herufi baada ya herufi. Kikarudi. Neno lilikuwa lile lile walilolichagua mume na mke usiku wa kuagana, na hapakuwa na mtu wa tatu aliyelijua.

Siri ya watu wawili ikiingia dosari, kila mmoja humtazama mwenziwe. Mama alipiga simu, akauliza, "Baba watoto, umelibadili neno?" Mume akajibu, "Mimi sikuligusa. Wewe umempa nani?" Kabla hawajaendelea salio likaisha. Usiku ule mama hakulala. Alijiuliza ni barua gani ambayo mtu aliye mbali hataki mkewe aione. Mume naye, kule kambini, aliwaza ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta ile naye hayupo. Kati yao ilikuwa imelala nchi nzima ya Kenya, na hapakuwa na njia ya kutazamana usoni.

Kesho yake washauri walikuwa wengi. Kijana wa duka la simu alimtaka amtajie neno ili ajaribu yeye; mama alikataa, na alifanya vema. Mwingine alimwambia aendelee kuliandika hadi likubaliwe. Shauri hilo ni baya, kwa maana mwenye huduma akiona neno linajaribiwa mara nyingi hushuku mwizi, na aweza kuifunga anwani kwa muda. Wa tatu alisema neno libadilishwe mara moja. Nalo lilikuwa gumu, kwa kuwa ujumbe wa kuthibitisha ungekwenda kwenye laini ya zamani ya mume, ambayo haikuwa hewani.

Jumatano mama aliifunga kompyuta katika kitenge, akapanda gari la abiria, akapita Kikorongo hadi Kasese, mji ambao reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Fundi mmoja mjini aliiwasha, akatikisa kichwa, akasema kwamba programu imeharibika na kompyuta yote haina budi kufutwa na kupangwa upya. Akataja na bei. Laiti mama angekubali, barua za miaka yote zingepotea siku ile, na kisa cha kukataliwa kingebaki pale pale. Bahati njema, mdogo wa mumewe, konstebo wa polisi, alikuwa akitoka zamu, akamkuta hapo.

Konstebo hakuwa fundi. Aliuliza swali moja tu: "Shemeji, neno hilo umelijaribu mahali pengine, nje ya programu hii?" Mama alikuwa hajajaribu. Shemeji yake akatoa simu, akafungua ukurasa wa barua pepe katika kivinjari, akampa, kisha akageuza uso. Mama akaandika anwani na neno lile lile. Mlango ukafunguka. Barua ya mumewe ilikuwamo tangu Jumapili, na fomu ndani yake. Ilipigwa chapa hapo hapo Kasese, ikapelekwa chuoni siku ya pili yake, Ijumaa haijafika.

Hapa mfano wa lango unafaa kueleza mambo. Zamani programu ilikwenda kwa mlinzi, ikatamka neno la mwenye nyumba, ikaingia. Ulikuwa utaratibu mwepesi lakini wenye hatari, kwa sababu kila programu ilishika neno lenyewe, na mwizi aliyelinasa kokote aliweza kuingia kama mwenyewe. Ndipo wenye huduma walipobadili amri za lango. Google, kwa anwani za watu binafsi, iliacha kupokea jina na neno tupu kutoka kwa programu za namna hiyo tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuuzima utaratibu huo wa kale kwa ofisi na mashirika mwezi Oktoba 2022, na kwa watu binafsi tarehe 16 Septemba 2024.

Tangu hapo mlinzi hataki neno kutoka kwa programu, anataka hati. Mwenye nyumba huenda mwenyewe kwenye ukurasa wa huduma, hujitambulisha huko, na programu hupewa hati ya ruhusa, ambayo huionyesha kila ijapo. Hati hiyo mwenyewe aweza kuifuta siku yoyote bila kubadili neno lake. Ubaya ni kwamba mlinzi hamwelezi mgeni kuwa amri zimebadilika. Humwambia tu kwamba jina na neno havikukubaliwa. Ni maneno machache, lakini ndiyo yaliyotaka kuivunja nyumba ya sajenti.

Dawa yake si kubwa. Kabla ya kugusa kitu, konstebo alinakili folda yote ya barua kwenye flashi. Kisha akaingia katika mipangilio ya anwani, penye orodha ya njia za kujitambulisha, akaondoa ile ya neno la kawaida na kuchagua ile iitwayo OAuth2. Akafanya hivyo mara mbili, kwa kuwa barua zina milango miwili: mmoja wa kupokea na mmoja wa kupeleka. Wengi hutengeneza wa kwanza na kusahau wa pili, wakashangaa kwamba wanapata barua lakini hawawezi kujibu. Akafuta pia neno la zamani lililohifadhiwa ndani ya programu, na akahakikisha kwamba programu inaruhusiwa kupokea vidakuzi, maana bila hivyo ukurasa wa kujitambulisha haukamiliki. Programu ilipofungwa na kufunguliwa tena, ukurasa wa huduma ulitokea, mama akajitambulisha, na barua zikaanza kuingia moja moja.

Programu nyingine ni za zamani mno, hazina njia hiyo. Kwa hizo Google huruhusu neno la pekee la herufi 16, linalotengenezwa kwa ajili ya programu moja tu, baada ya mwenye anwani kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Lakini ieleweke kwamba neno kuu likibadilishwa, lile la herufi 16 hufa, na budi litengenezwe jingine. Aliye na programu inayoweza kupokea hati na achague hati.

Hata hivyo, si kila neno sahihi hukataliwa kwa sababu hiyo. Katika Kasese jambo la kwanza la kutazamwa ni anwani yenyewe. Wakonzo huwaita watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Kwa hiyo majina hufanana kwa wingi, na anwani hazina budi kuongezewa tarakimu. Tarakimu moja ikirukwa, mtu huwa anabisha hodi kwa jirani asiyemjua, naye ana ufunguo halisi wa nyumba yake mwenyewe.

La pili ni kibodi. Karibu na mpaka zipo kompyuta zilizotoka upande wa Kongo, zenye mpangilio wa Kifaransa. Katika mpangilio huo A na Q zimebadilishana mahali, na Z na W vivyo hivyo, na tarakimu hazitoki mpaka kitufe cha kupandisha kibonyezwe. Hata kati ya mpangilio wa Kiingereza na ule wa Kimarekani, alama ya @ imehama. Neno la siri huonekana kama vitone tu, kwa hiyo kosa halionekani. Mtu akiwa peke yake, na aliandike neno kwanza katika ukurasa mtupu apate kuliona, alinganishe, kisha alifute. Kitufe cha herufi kubwa nacho kitazamwe.

La tatu ni saa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara kama sarafu. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inayodhani ni mwaka mwingine huziona hati za seva kuwa si halali, na tarakimu za kuthibitisha zinazohesabiwa kwa saa hazilingani. Betri hiyo hupatikana kwa bei ndogo, nayo imewaponza wengi wakadhani mashine imekufa.

Usiku ule, mama aliporudi Bwera, alimpigia mumewe na kumweleza habari yote, ya 30 Mei na ya mlinzi anayetaka hati. Mume alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Hapakuwa na wa kuombwa radhi peke yake, maana wote wawili walikuwa wamewaza vibaya.

Familia za askari na polisi zina la kujifunza hapa, kwa kuwa kazi ya ulinzi hutenganisha watu, na matapeli wanalijua hilo. Huleta ujumbe usemao kwamba neno limekataliwa, bonyeza hapa ulihakikishe. Anayebonyeza hukabidhi neno kwa mwizi. Ukurasa wa huduma ufunguliwe kwa kuandika jina lake kwa mkono, na tarakimu za kuthibitisha asitajiwe mtu yeyote, hata ajitambulishe kwa cheo gani. Laini ya kupokea tarakimu hizo iwe ya yule anayebaki nyumbani, kwa sababu laini iliyokaa kimya muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Barua zenye thamani ziwe na nakala mahali pa pili. Na neno sahihi likikataliwa, lijaribiwe kwanza katika kivinjari. Likikubaliwa huko, basi mume hana kosa, mke hana kosa, na kinachotakiwa kutengenezwa ni programu peke yake.