Mashine Kuukuu na Maneno Yake

Karatasi ina fadhila moja ambayo wasomi huisahau upesi: haidai kitu kwa msomaji wake ila macho na mwanga. Mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu miaka mia na hamsini iliyopita, kama mchwa na unyevu viliuhurumia, wasomeka leo na yeyote aijuaye hati ile. Diski ya kompyuta haina fadhila hiyo. Yaweza kuwa na umri mdogo kuliko wangu, lakini yadai mashine iwezayo kuisoma, umeme uifaao mashine hiyo, na programu ijuayo desturi ya maandishi yake. Kimoja kikikosekana, maneno yote huwa bubu. Jambo hili ndilo lililonifanya mimi, mwalimu wa Kiswahili nisiye fundi, kushika bisibisi na chuma cha kulehemu.

Mwaka 2022 jamaa za marehemu mwalimu mmoja walitukabidhi kompyuta yake na diski 14. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwalimu huyo alikuwa amekusanya maneno ya mafundi wa majahazi: majina ya mbao, ya kamba na ya pepo, maneno ya mkuku, taruma, fashini na foromali, na maelezo ya namna kila kitu kinavyofanywa. Wengi katika wazee waliomfundisha maneno hayo wamekwisha kufariki, na nakala ya karatasi haikuonekana. Basi kama diski zile zingalikufa, wazee wale wangalizikwa mara ya pili.

Adabu ya kwanza ya utabibu wa mashine kongwe ni kujizuia. Mtu aonapo mashine iliyolala miaka thelathini hutamani kuiwasha papo hapo ajue kama i hai. Tamaa hiyo imeziua mashine nyingi, kwa maana ndani yake mna vitu vizeekavyo hata bila ya kutumika. Kapasita hukauka au huvuja, na betri ya nikeli na kadimi iliyolehemewa juu ya bodi hutoa maji makali yalayo shaba. Mashine yetu ilikuwa ya ukoo wa IBM, yenye prosesa ya Intel 80286, aina iliyotolewa kwanza mwaka 1982. Tulipoifungua tuliona betri imevuja, na njia za shaba zilizo karibu na mahali pa kibodi zimekuwa kijani. Tuliing'oa betri, tukapapangusa mahali pale kwa siki kidogo, kwa kuwa maji ya betri ya namna hiyo ni alikali na siki huyatuliza. Kisha tukasafisha kwa spiriti, tukangoja pakauke.

Adabu ya pili ni kupima kabla ya kuhukumu. Kisanduku kigawacho umeme hutoa, pamoja na vingine, volti 5 na volti 12. Na ile volti 5 haistahili kushuka chini ya 4.75 wala kupanda juu ya 5.25. Kilipojaribiwa nje ya mashine kwa mzigo mdogo kilipima vyema. Kiliporudishwa ndani, feni ilishtuka mara moja ikanyamaza. Mtu mwenye haraka angalisema kuwa kisanduku kimekufa, akakitupa. Kumbe kilikuwa kikitimiza wajibu wake: kiliona kuna shoti mahali fulani, kikajizima kisije kikateketeza kila kitu. Tulichomoa kadi moja moja, na baada ya kila moja tukawasha tena. Kadi iongozayo diski ilipotoka, feni ikazunguka. Juu ya kadi hiyo, katika njia ya volti 12, palikuwa na kapasita moja ya tantalumu iliyogeuka kuwa kama waya mtupu. Kitu kisichoshinda punje ya mahindi kwa ukubwa kilikuwa kimeifunga mashine nzima. Tuliweka kingine mahali pake, tukaunga kwa waya mwembamba zile njia za kibodi zilizoliwa, na mashine ikaamka.

Kubadili kitu kimoja tu kwa wakati ni kanuni ambayo wahariri wa miswada waijua vyema. Mhariri asahihishaye maneno matano ya ubeti mmoja kwa pamoja hawezi kusema ni sahihisho lipi lililouponya, wala lipi lililoutia ugonjwa mpya.

Diski moja ya inchi 5.25 ya namna ile ina pande 2, kila upande una njia 40, kila njia ina vipande 9, na kila kipande kina baiti 512. Jumla ni baiti 368,640, ambazo picha moja ya simu ya leo huzidi mara nyingi. Tuliziba kwa karatasi ya gundi ule mwanya wa pembeni, ili mashine isiweze kuandika juu ya diski, kisha tukanakili kila moja kamili. Diski 12 zilisomeka. Mbili zilikuwa na ukungu, nazo zimehifadhiwa mahali pakavu.

Baada ya hapo mashine kuukuu ilipumzishwa, na kazi ikarithiwa na emuleta, yaani programu iifanyayo kompyuta moja kuiga nyingine. Wazo hili si geni. Mwaka 1936 Alan Turing alionyesha kwa hoja za hesabu kwamba mashine moja yaweza kutenda kazi ya mashine nyingine yoyote, mradi ipewe maelezo yake. Mwaka 1964 IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360, iliziwezesha kuendesha programu za mashine zake za zamani, wateja wasipoteze kazi yao. Sisi tulitumia DOSBox, iliyotolewa mwaka 2002. Lakini mwigaji huiga mashine tu. Hawezi kuiga diski ambayo hajasomewa.

Hapo lilizuka swali lililonipa faida kuliko yote. Mmoja katika wanafunzi wangu alikuwa ameyafungua mafaili kwa programu ya kisasa, akaona mkukõ, tarumá, fashiné. Alishawishika kuwa marehemu ameweka alama za matamshi ya wazee, na alikwisha kuanza kuziandikia maelezo. Nilimwomba atazame maneno na, ya, wa. Nayo yalikuwa na alama. Alama iwekwayo kila mahali haiwezi kuonyesha tofauti ya matamshi.

Ukweli ulikuwa katika WordStar, programu ya kuandikia iliyotoka mwaka 1978. Herufi zetu zatosha katika biti saba, na biti ya nane hubaki tupu. WordStar iliitumia hiyo kuwekea alama herufi ya mwisho ya neno, ipate kupanga nafasi za mstari. Aisomaye herufi hiyo bila ya kujua desturi huiona imezidi kwa 128: a ya 97 huwa 225, nayo ni á, u ya 117 huwa 245, nayo ni õ. Na kwa kuwa maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, lugha yetu yote ilivishwa vilemba visivyo vyake. Ndani ya emuleta, WordStar yenyewe iliyasoma maneno yale safi.

Mwanafunzi yule alifuta kurasa zake bila ya kinyongo. Maneno ya mafundi sasa yamepigwa chapa katika karatasi, na nakala imepelekwa kwa jamaa za marehemu. Emuleta nazo zitazeeka, kwa kuwa nazo ni programu kama nyingine. Kwa hiyo twahifadhi vitu vitatu pamoja: nakala ya diski isiyoguswa, maandishi yaliyosafishwa, na maelezo ya kila hatua tuliyopita kutoka katika ile kufikia haya. Atakayekuja baada yetu ana haki ya kutukagua.