Moyo Ukiwa Peke Yake

Moyo wa panya mdogo wa maabara haufiki hata robo ya gramu. Ukitolewa mwilini haraka, ukapewa joto, chumvi na oksijeni, huendelea kupiga saa kadhaa bila ubongo kuuamuru. Nimekuwa nikichora mtambo mdogo wa kuutunza moyo wa namna hiyo ili dawa zijaribiwe juu yake. Kadiri ninavyochora ndivyo ninavyoona kwamba kazi kubwa haimo kwenye dawa. Imo katika kutuliza kila kitu kingine.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mjerumani Oscar Langendorff aliieleza mwaka 1895: mrija hufungwa kwenye aota na maji husukumwa kinyume, kurudi moyoni. Shinikizo hilo huifunga vali ya aota, na maji, yakikosa njia, huingia kwenye mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo wenyewe. Mlango usingefunga, kazi yote ingekwama.

Ugumu huja na udogo. Moyo huu hupitisha kama mililita 2 tu kwa dakika, kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye birika yakiwa nyuzi 37 hupoa njiani kabla hayajafika. Lazima mrija uvishwe koti la maji ya moto hadi mwisho wake. Kiputo kimoja cha hewa huziba mshipa, na sehemu ya msuli ikafa. Pampu husukuma kwa mikupuo. Mimi napendelea chupa iliyoinuliwa mita moja juu ya moyo, maana inatoa shinikizo la karibu milimita 74 za zebaki na haijui kukatika kwa umeme. Kisha kuna bomba la kubadilishia dawa. Likiwa mbali na moyo, na njiani mna mililita 10, dawa itafika baada ya dakika 5, nawe utaandika kwamba dawa hii ni ya polepole.

Hapo ndipo ninapojifikiria. Tuna haraka ya kukishitaki kitu kipya. Mtoto akibadilika tabia, macho yote humgeukia rafiki aliyempata juzi, kumbe nyumba yenyewe ilipoa siku nyingi.

Sydney Ringer wa London alikumbana na jambo hilo kwa upande wa pili. Mwaka 1882 aliandika kuhusu maji ya chumvi yaliyouweka moyo wa chura ukipiga vizuri. Baadaye ikabainika kwamba yalitengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mapigo yakafifia. Kilichokuwa kikiufanyia moyo kazi ni kalsiamu ya bombani, ambayo hakuna aliyeihesabu. Mwaka 1883 alichapisha masahihisho, na maji yanayoitwa kwa jina lake yangali hospitalini hadi leo.

Lakini utulivu nao una mipaka yake. Terfenadine ilikuwa dawa ya mzio iliyopendwa kwa sababu haikuleta usingizi. Kwa watu wengi ini liliigeuza karibu yote kabla haijaufikia moyo. Aliyemeza pamoja nayo dawa ya fangasi iitwayo ketoconazole alilizuia ini kufanya kazi hiyo. Terfenadine ikarundikana katika damu, ikaziba njia za potasiamu za moyo na kuvuruga mapigo, na wengine wakafa. Nchini Marekani iliondolewa sokoni mwaka 1998. Moyo uliotengwa mezani ungeonyesha kwamba dawa ile ni hatari. Usingeonyesha kwa nini inamwacha huyu na kumuua yule, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye ini, na ini tumeliacha nje ya mtambo. Fexofenadine, ambayo ndiyo terfenadine ikishageuzwa na ini, haina madhara hayo, nayo inauzwa hadi leo.

Kwa hiyo mchoro wangu sasa una chupa tatu: moja ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, moja ya dawa, na moja ya kile kinachobaki dawa ikishapita kwenye ini.