Jina na Ukoo Wake

Akina Juma wawili wakikutana barazani, Mswahili huuliza: Juma wa nani? Swali hilo ndilo lililowakabili waundaji wa PHP, lugha ya kuandikia programu ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. Kwa miaka mingi klasi mbili zenye jina moja hazikuweza kukaa katika programu moja. Waandishi wakalazimika kuyarefusha majina kwa vistari vya chini.

Toleo la 5.3, lililotoka Juni 2009, liliyapa majina koo. Lakini ukoo utenganishwe na jina kwa alama ipi? Nukta pacha mbili (::) zilikuwa zimekwisha kutumiwa kuita viungo vya klasi, hivyo maana zingegongana. Mwaka 2008 ukateuliwa mkwaju ulioinamia kushoto (\). Wengi waliubeza kwa sura yake. Hata hivyo, uliondoa utata.

Aidha, klasi ikishatambulishwa kwa neno 'use' mwanzoni mwa faili, huitwa kwa jina fupi. Utambulisho huo hauvuki faili: mgeni ajulikanaye nyumba hii, kwa jirani ataulizwa tena ukoo wake. Alama ikikosa uzuri husameheka. Ikikosa uwazi, msomaji hupotea.