Kabla Hujalipia Nyumba ya Zamani Malindi, Angalia Paa

Wengi wenu mwanijua kwa zile video za kuzunguka nyumba zinazouzwa, na swali ninaloulizwa sana ni lile lile: "Kaka, hii ya zamani si ndo bei rahisi?" Ni kweli, bei iko chini. Na nyumba za zamani hapa Malindi zina raha yake, tusidanganyane. Kuta nene, madirisha makubwa, mwembe uani, kiwanja ambacho leo watu wangejenga fleti nne juu yake. Kisha dalali anakuonyesha paa la kijivu lenye mawimbi mapana, anapiga kifua: "Hili ni la enzi zile, halishiki kutu, halishiki joto, utaliacha kwa wajukuu."

Dalali hadanganyi, na hapo ndipo shida ilipo. Huku chumvi ya bahari inakula mabati ukiyaangalia, na makuti lazima uezeke upya kila baada ya miaka kadhaa. Asbesto imekaa tu, na mchana wa Februari ndani kuna ubaridi kuliko chini ya bati. Mwaustria mmoja, Ludwig Hatschek, alichanganya saruji na nyuzi za asbesto akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1901, akaita bidhaa yake Eternit, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha milele. Nchi nyingi zikaezekea shule, hospitali, nyumba za wafanyakazi. Kenya pia. Ukitembea kwenye nyumba za serikali za miaka ya sitini na sabini, inua tu macho.

Sasa, ami yangu amerudi kutoka Muscat baada ya miaka kumi na saba ya udereva. Hana mengine ya kuonyesha kwa miaka hiyo ila pesa aliyoweka benki, na anataka nyumba moja tu, si ya kupangisha, ya kufia. Amepata moja upande wa Maweni, vyumba vinne, milioni nne na nusu. Akaniita nikamtazamie, "wewe kijana wa mitandao unajua mambo ya kisasa."

Nilikwenda na mzee mmoja Mtaliano, jirani wa miaka mingi, ambaye hupenda kutoa maoni kuhusu mbao za milango. Alifika getini, akatazama juu, akasema neno moja: "Eternit." Hakuingia uani hadi nilipomhakikishia kwamba hakuna anayekata wala kupasua kitu. Kwao wanajua. Mji wa Casale Monferrato ulikuwa na kiwanda cha hizo bidhaa hadi 1986, na waliougua si wafanyakazi peke yao. Kuna wake waliofua nguo za kazi za waume zao, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Italia ikapiga marufuku asbesto mwaka 1992, na bado wanazika watu.

Kwa nini bado? Manake ugonjwa huu hauna haraka. Nyuzi ni ndogo kiasi kwamba huzioni, unazivuta kwa pua, zinakwama mapafuni, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Kutoka siku uliyovuta hadi siku daktari anakuonyesha picha inaweza kupita miaka ishirini, thelathini, arubaini na zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani: ya mapafu, ya koo, ya ovari, na mesotelioma, ile inayoshika utando unaofunika mapafu. Anayevuta sigara juu yake hatari inazidi maradufu na zaidi.

Ami aliposikia hayo akataka kuiacha nyumba siku ile ile. Nikamzuia, na hapa ndipo natofautiana na wale wanaotisha watu mitandaoni. Paa la asbesto ambalo ni zima, halijapasuka, hakuna anayelitoboa, halikuui kwa kulala chini yake. Saruji imezishika zile nyuzi. Hatari inakuja likichakaa likaanza kubanduka unga, tawi la mwembe likilivunja, fundi akitoboa kwa dirili ili afunge dishi, au ukilisugua kuvu kwa brashi kavu ili upake rangi lipendeze kwenye video. Na siku ya kuling'oa. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo swali la ami si "ninunue au nisinunue." Swali ni nani atalipa gharama ya kulitoa, maana paa lile tayari lina nyufa tatu na upande wa jikoni limeanza kumomonyoka.

Kenya, kanuni za usimamizi wa taka zimeiweka asbesto kwenye taka hatari. Maana yake huwezi kuibeba tu kwa mkokoteni. NEMA wanataka anayeisafirisha awe na leseni, na ifukiwe mahali palipoidhinishwa. Vipande vinaloweshwa maji kabla ya kuguswa, misumari inafunguliwa taratibu bila kuvunja, vinafungwa kwenye nailoni nzito, wafanyakazi wanavaa barakoa maalum na ovaroli zisizorudi nyumbani. Tukaomba bei mbili. Kampuni yenye leseni ilitaja pesa ambayo ami aliirudia mara mbili kwa sauti, akakaa kitako. Fundi wa mtaani alitaka elfu ishirini na tano, siku moja na nusu, na vipande "tutavitafutia watu."

Hao watu nawajua. Kuna mtaa nimeona vipande hivyo ni banda la kuku, ni ngazi ya mlango, ni kifuniko cha shimo la choo. Mtoto anakaa juu yake anachora na msumari.

Nikamwambia ami achukue bei ya kampuni, aongeze ya mabati mapya na mbao (zile za zamani zilibeba uzito mwingine na nafasi nyingine, huenda zibadilishwe), jumla yake aipeleke kwa muuzaji ipunguzwe kwenye bei ya nyumba. Na kabla ya hapo kipande kipimwe maabara, kwa sababu paa la kijivu lenye mawimbi si lazima liwe asbesto. Kuna ya saruji yenye nyuzi nyingine, na kwa macho huwezi kuapa. Hili naomba mlishike: pima kwanza, zozana baadaye. Wakili wa kuandika mkataba atakagua hati ya ardhi vizuri sana, lakini hatapanda kwenye paa.

Muuzaji alicheka. Akasema wazazi wake wameishi mle hadi miaka themanini. Labda ni kweli. Ami naye akanitazama kama anayeanza kuyumba, maana ile elfu ishirini na tano imemkaa kichwani.

Yule fundi ana miaka ishirini na tatu. Tulisoma madrasa moja na mdogo wake. Nikampigia nikamweleza yote haya, nyuzi, miaka thelathini, Italia. Akasikiza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema kazi ni kazi, ameshatoa mapaa kama hayo mawili mwaka huu, na kama shida ni vumbi atavaa barakoa ile ya wakati wa korona. Nikamwambia ile haizuii. Akanyamaza kidogo, akasema basi atajifunga leso juu yake.