Anza kupigia picha nyumbani

Baba alipofariki, picha tuliyoweka kwenye tangazo la kifo ilitolewa kwenye kitambulisho chake. Ilikuwa picha ya mtu aliyenuna, ilhali baba alikuwa mcheshi. Familia nyingi hapa nchini zayajua machungu hayo.

Ndiposa nilipojitosa kujifunza upigaji picha, nilianza na mama.

Somo la kwanza lilikuwa mwanga. Kwetu karibu na Ikweta, jua la saa sita huwa utosini. Macho huzama kivulini na uso huonekana una hasira. Nilimketisha mama ndani ya mlango, uso ukitazama nje. Mwanga ukamjia taratibu, macho yakang'aa.

Subira nilifunzwa na kima wa City Park, Nairobi. Kima haambiwi atabasamu. Unaketi, unamlenga, unangoja atulie tawini, na mara nyingi anaondoka bila hata kukutazama. Asubuhi mapema na jioni, jua likiwa chini, kila unywele wake huonekana.

Niliporudi kwa mama, sikumwamuru tena akae wima. Nilimwacha achambue mchele, nikangoja. Mjukuu wake alipomwibia punje chache, mama aliangua kicheko, nami nikabonyeza. Picha hiyo sasa iko ukutani.

Ndugu msomaji, huhitaji kamera ya bei ghali. Hata simu yatosha. Jumapili hii, mketishe mzee wako penye mwanga mzuri, umpigishe gumzo. Kisha picha uisafishe katika studio. Zilizo simuni hupotea na simu.