Mama wa picha hana jina



Sisi walimu wanawake tuliokwenda Ubelgiji kwa mafunzo tulikuwa na njaa ya habari za nyumbani. Katika Matonge, mtaa wa Wakongomani kule Brussels, sombe tulipata, vikwembe tulipata, magazeti pia. Lakini Kongo ya magazeti yale ilikuwa ya mambo mawili tu: vita na madini.

Hatusemi wanadanganya. Vita iko. Mwaka 2025 Goma ilitekwa mwezi wa Januari, Bukavu ikafuata Februari, na waandishi wa kigeni walisaidia dunia kujua. Kinachotuuma ni kile wanachoacha. Jemadari ana jina, waziri ana jina, hata madini yana jina. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani ameandikwa "mkimbizi", basi. Msomaji hajui kwamba jana alikuwa anauza sambaza sokoni, kwamba ni yeye anayelipia watoto masomo, kwamba wenzake wa likelemba wanamngojea.

Mwaka 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliita nchi yetu mji mkuu wa ubakaji duniani. Alitaka dunia ishtuke. Lakini neno hilo liliwashika pia mabinti zetu. Binti mmoja wa miaka 12, wa jamaa iliyotupokea kule, alituambia kwamba shuleni anasema yeye ni mtu wa Angola. Tulikosa la kumjibu. Mtoto anayekana nchi ya mama yake ameanza kumkana na mama mwenyewe.

Tuna mifano ya kumpa. Caddy Adzuba, mwandishi wa habari wa Bukavu, alifanya kazi Radio Okapi na kuwapa wanawake nafasi ya kusema kwa kinywa chao. Mwaka 2014 Hispania ilimpa tuzo kubwa. Daktari Denis Mukwege wa Panzi alipata Nobel ya Amani mwaka 2018. Hao pia ni Kongo.

Basi, mwandishi akikuja kwetu na kamera, tumuulize kwanza: picha hii inakwenda wapi? Mama aliyeteswa ana haki ya kufichwa jina na sura, huo ni ulinzi wake. Lakini kama hakuna hatari, tuseme: andika jina langu, andika kazi yangu, andika kijiji changu. Tukikataa picha, tukatae bila haya. Picha ya mtoto, mzazi aamue.

Na wenye ndugu Ulaya, tusiwapigie simu siku ya msiba tu. Tuwaambie watoto wao nani amefaulu mtihani wa serikali, nani amejifungua mapacha, shamba limetoa magunia mangapi ya maharagwe. Gazeti la mgeni halitaandika hayo. Ni kazi yetu.