Mboga ya Ulaya, maji ya Kilosa

Wadau, kuna mdada wa Kilosa ambaye nusura akosane na mama yake mzazi kwa sababu ya mboga. Siyo mwanaume, siyo kiwanja cha urithi, siyo simu. Mboga. Tena chungu.

Mdada ana miaka 26. Alikuwa mhudumu kwenye lodji moja Mikumi, zile ambazo wageni wanaamka alfajiri kwenda kutafuta simba, halafu saa nne wanarudi na njaa utadhani wao ndio waliokuwa wanawinda. Mpishi mkuu wa pale alikuwa na kilio kimoja kila wiki: radikio. Kwa ambao hamjawahi kukutana nayo, radikio ni majani ya Kiitaliano yanayojifunga kama kabichi ndogo, rangi damu ya mzee, mishipa meupe. Waitaliano wa kaskazini wanaipenda mpaka miji ya Treviso, Verona na Chioggia kila mmoja una aina yake. Lodji iliagiza Dar, na ikifika Mikumi imelala kama tambara la deki.

Mgeni mmoja wa Kiitaliano, siku anaondoka, akamwachia mdada pakiti mbili za mbegu. Mwezi wa kumi na mbili mkataba ukaisha, hakuongezewa. Akarudi nyumbani Kilosa na begi, subwufa na mbegu zake. Mpishi alikuwa amemwambia, "Mdogo wangu, ukinipatia hiyo kitu ikiwa nzuri, nanunua yote." Basi kichwani hesabu zikaanza. Si unajua mtu akiwa hana kazi anavyopiga hesabu.

Nyuma ya nyumba mama yake ana matuta sita: mchicha, matembele, bamia, na tuta moja la mnavu. Ni bustani ya nyumbani tu, ila hela ya mafungu ya mchicha ndiyo inayolipa rejesho la kikoba cha mtaani. Mdada aliomba matuta mawili. Mama akampa matatu.

Maji sasa. Kilosa ina Mto Mkondoa, na mto huo ukikasirika haucheki na mtu. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 ulifurika, watu kwa maelfu wakaishia kwenye mahema, reli nayo ikaharibika. Lakini mto kujaa ni jambo moja na bomba la uani kutoa maji ni jambo lingine. Pale kwao yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki, usiku. Wanajaza simtanki la lita 1,000, likikata wanasubiri vijana wa madumu, lita 20 kwa shilingi 500.

Mdada akapanda mwezi wa kwanza. Hapo ndipo alipokosea, maana radikio ni mmea wa baridi. Mboga za namna hiyo watu wa Morogoro wanazijua kutoka Mgeta, juu milimani Uluguru, siyo Kilosa ambako saa nane mchana hata mbwa anahama kivuli. Miche ikaota vizuri, halafu kila mchana ikalegea. Akiona imelegea, anakimbia na keni, anamwaga juu kwa juu kama anaiogesha. Jioni imesimama, anafurahi. Kesho mchana imelala tena. Dumu nne kwa siku, wakati mwingine tano.

Kumbe majani kulegea kwenye jua kali siyo lazima iwe kiu. Ukiacha jua lishuke, mengi yanasimama yenyewe. Lakini nani angemwambia? Usiku alikuwa anaangalia video za Waitaliano. Akaona wale wa Treviso, baridi ikishapiga shambani, wanang'oa mmea na mizizi yake, wanausimamisha gizani kwenye maji ya chemchemi mpaka majani mapya yanachipua meupe na mekundu. Mboga inakaa kwenye maji yanayotiririka wiki nzima na zaidi! Akamwonyesha mama. Mama akaangalia mpaka mwisho, akasema, "Wana maji hao," akaenda kulala.

Mama alikuwa hasemi. Hii ndiyo shida ya mama zetu wengi, anakunyamazia mpaka unadhani amekubali. Akiulizwa kama maji yapo, anajibu, "Yapo, mwanangu." Yalikuwepo kwa sababu yeye alikuwa ameacha kumwagilia tuta moja la mchicha, baadaye la pili. Asubuhi anavuna fungu kumi badala ya ishirini. Mdada hakuona. Alikuwa anapiga picha radikio anaweka status.

Siku ya kuona ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili. Wamama wa kikoba walikuja, wanne, na ile kandambili ya "tumepita tu kusalimia". Mdada akaamkia, "Shikamooni," akatoa mkeka. Wakakaa. Ukimya. Halafu mweka hazina akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba mama fulani tangu kikoba kianze hajawahi kuruka rejesho, sasa ameruka mawili, wakaona waje wajue kama anaumwa.

Mama akasema haumwi. Mchicha haujatoka vizuri.

Wote wakageuka kuangalia bustani. Huku mchicha wa njano umekaa kama nywele za mtu aliyetoka homa. Huku matuta matatu ya majani manene, udongo mweusi, umelowa chapachapa. Mama mmoja mtu mzima akanyanyuka, akachuma jani, akatafuna. Akatema.

"Hii ndiyo imekunywa rejesho letu?"

Wenzake walicheka, na mama naye akacheka, maana ungefanyaje. Mdada aliingia ndani hakutoka mpaka wageni wameondoka. Jumatatu subwufa iliuzwa, marejesho mawili yakalipwa. Mama aliipokea ile hela akaihesabu, hakusema asante wala hakusema usingeuza.

Radikio ilikuwa imebakiza wiki chache, akaona aimalizie. Katikati ya mwezi wa tatu akafunga tenga, akapanda bodaboda kuelekea Mikumi. Sasa kwa msiojua ile barabara, ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita sehemu inaitwa Ulaya. Kweli kabisa, Ulaya, ina vumbi na mbuyu. Dereva alivyosikia tenga lina mboga za Ulaya akauliza, "Sasa si tungezishusha hapa hapa?" Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Mpishi alifungua kimoja kwa kisu. Katikati kimeoza, maji yalikaa ndani ya majani. Cha pili kilikuwa kimeshatoa shina la maua. Cha tatu kizima ila kijani tupu, hakuna wekundu hata wa kusingizia. Akaonja, akafumba macho. Uchungu wa radikio unaotakiwa ni ule wa kuamsha ulimi, huu ulikuwa wa mwarobaini. Hakumfokea. Alimpa nauli ya kurudi na chai, akamwambia wazi: joto limeikimbiza, na umeinywesha vibaya, leo mafuriko kesho ukame. Inataka kidogo kidogo, kila mara, shinani, asubuhi.

Alirudi na tenga lake. Alidhani mama atasema lile neno ambalo kila mzazi analo akibani. Mama alichukua majani yaliyokuwa mazima, akayakatakata, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza kama anavyofanya kwa mnavu uliokomaa. Akaunga kwa karanga. Wakala na ugali. Uchungu ulikuwepo bado, ila wa kuelewana nao.

"Mbona hukuniambia kuhusu rejesho?" mdada akauliza.

"Ningekwambia ungeacha."

"Si ndiyo ningeacha, mama."

"Ungeacha halafu ungekaa tu hapo na simu." Akamwongezea mboga. "Kosa lako siyo kupanda. Humuulizi mtu. Mimi namwagilia uani hapa kabla hujazaliwa, hujaniuliza hata siku moja maji yanawekwaje."

Hiyo ndiyo iliyomtoa machozi. Wamama wa kikoba walimwaibisha, ila hawakumliza.

Masika yakapita. Katikati ya mwezi wa tano wakapanda pakiti iliyobaki, wote wawili, tuta moja tu, upande wa mpera ambako jua la mchana halifiki. Mama akaleta makapi ya mpunga na nyasi kavu wakatandaza, udongo usikauke. Keni ikapigwa marufuku. Walitoboa vifuniko vya chupa za maji kwa msumari wa moto, kila mche unapata wake shinani, kichwa hakilowi. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi tena, yanawekwa kwenye ndoo. Na kabla ya kumwagilia, kidole: kiingize kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na tope, ondoka. Dumu nne zikawa moja, siku nyingine nusu.

Mchicha ukarudi kwenye matuta yake. Kikoba kikalipwa.

Mwezi wa sita na wa saba Kilosa usiku unajifunika shuka, siyo baridi ya Treviso lakini ni baridi. Asubuhi moja mdada akaita, "Mama! Njoo!" Mama akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nyoka. Ilikuwa ni jani. Ukingoni limeanza wekundu.

Haikukubali yote, tusidanganyane. Kwenye miche arobaini, vilivyojifunga vizuri vilikuwa kumi na tisa, na vyekundu kwelikweli havifiki hata nusu. Vingine vimeliwa na karanga. Lakini vile vilivyofika Mikumi mpishi aliviweka kwenye sahani siku hiyo hiyo, akatuma picha. Mama ameomba arushiwe kwenye simu yake, sasa wamama wa kikoba wote wanayo.

Juzi mpishi kaandika tena. Wageni wa mwezi wa nane ni wengi, anataka vichwa kumi na viwili kila wiki, bei anapandisha. Mdada alisoma ile meseji mara mbili. Halafu akatoka uani, akaligonga simtanki kwa kiganja, kutoka juu kushuka chini kama mama anavyofanya, akisikiliza maji yameishia wapi.

Ndipo akajibu: "Vitano, kaka."